UZI: Nmap kwenye laini ya VSAT, mashine za Pweto zinaonekana zimekufa wakati ziko hai

waya_mrefu (Lubumbashi, Kampemba)

Jambo wandugu. Niko na shida ya Nmap, ile programu ya kuskani mitandao, naomba wenye uzoefu wasome mpaka chini kabla ya kuniandikia "weka T4 tu" (T ni ngazi ya kasi ya Nmap).

Ninasimamia mtandao wa shirika lenye ofisi kuu hapa mjini. Likasi na Kolwezi wameunganishwa kwetu kwa VPN juu ya faiba, Pweto wako kwa VSAT, yaani antena ya setilaiti. Kila mwisho wa mwezi mkubwa wa kazi anataka orodha: mashine gani ziko hewani, poti gani (milango ya huduma) ziko wazi. Ruhusa ninayo kwa maandishi na mitandao yote ni yetu, kwa hiyo hapo tusipoteze muda.

Amri niliyoikuta kwa aliyenitangulia ni hii:

`nmap -sS -T5 -oN mwezi.txt 10.20.0.0/22 10.30.0.0/23 10.40.0.0/24`

10.20 ni hapa, 10.30 ni Likasi na Kolwezi, 10.40 ni Pweto. Hapa mjini hakuna neno. Pweto ndiko kwenye maajabu: leo seva ya faili inaonyesha 445, poti ya mafaili, iko wazi, kesho poti hiyo hiyo ni `filtered`, keshokutwa mashine nzima haipo. Nampigia fundi wa kule, ananiambia watu wanafungua mafaili pale pale tunapoongea.

Nikaondoa T5. Skani ikaanza saa moja jioni, asubuhi bado inahangaika, halafu umeme ukakatika. Nikafuata somo moja la mtandaoni, nikaweka `--initial-rtt-timeout 500 --max-rtt-timeout 500`, yaani muda wa kusubiri jibu, wa mwanzo na wa juu kabisa, nikidhani nimeibana. Ikawa polepole kuliko kabla ya kuibana! Hapo ndipo akili ilipogoma.

---

katuba_net

Weka T4 tu 😂

Natania yaya. Lakini kweli, kwa nini usitumie masscan, ile skana nyingine? Ile haina hizi habari za kusubiri.

---

Mama_Seva (Lubumbashi)

waya_mrefu mdogo wangu, tuanze na hilo la 500 kwa sababu ni jepesi. Uliyoandika si milisekunde, ni sekunde. Tangu Aprili 2010 Nmap inasoma namba isiyo na kipimo kuwa ni sekunde, na masomo mengi yanayozunguka huko yaliandikwa kabla ya hapo na watu wanayanakili hivyo hivyo. Umeiambia isubiri jibu la kwanza la kila mashine kwa zaidi ya dakika nane. Yenyewe ilikuonya juu kabisa ya skrini, ila ile mistari ya mwanzo nani anaisoma. Andika `500ms`. Na kwa Pweto hata 500ms ni ndogo, nakuja huko.

Sasa T5. Watu wanaichukua kama kanyagio la mafuta, kumbe ni kifurushi cha maamuzi ambayo mtu mwingine amekufanyia. Ukiandika `-T5` umeandika haya yote kwa mkupuo:

`--initial-rtt-timeout 250ms --min-rtt-timeout 50ms --max-rtt-timeout 300ms --max-retries 2 --host-timeout 15m`

na mengine madogo. Angalia hiyo 300ms, kisha fanya hesabu. Setilaiti ya VSAT ya kawaida iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Pakiti yako inapanda, inashuka, jibu linapanda, linashuka. Ni zaidi ya kilomita 143,000, na kwa kasi ya mwanga hiyo ni kama milisekunde 477 kabla modemu na ruta hazijaongeza za kwao. Hakuna jibu hata moja la Pweto linaloweza kuingia ndani ya 300ms. Unapiga hodi mara tatu kwa pupa na kuondoka, mwenye nyumba bado anatafuta ndala.

Utauliza mbona siku nyingine 445 inaonekana wazi. Ni kwa sababu Nmap huwa inaikumbuka kwa muda pakiti ambayo saa yake imeshapita, na jibu likitua wakati bado inashughulika na mashine ile, inalipokea. Laini ikiwa nyepesi unabahatika. Ikijaa, jibu linachukua sekunde nzima na zaidi, Nmap imeshafunga hesabu ya poti hiyo na kuandika `filtered`. Kumbuka neno hilo kwa Nmap maana yake ni "sikusikia kitu". Sababu inaweza kuwa fayawoli, inaweza kuwa haraka yako mwenyewe, na ripoti haikuambii ni ipi.

Kuna mtego mwingine humo ndani, `--host-timeout 15m`. Mashine ikivuka dakika 15 inarukwa, na hata poti ambazo zilikuwa zimeshapatikana hazichapwi. Unabaki na mstari mmoja:

`Skipping host 10.40.0.12 due to host timeout`

Mkubwa wako akichukua ripoti hiyo na kuhesabu mashine, hii hatahesabu. Tafuta neno `timedout` kwenye faili lako la XML, ila naona ulikuwa unahifadhi `-oN` (maandishi ya kawaida) peke yake.

---

Papa_Pakiti (Likasi)

Mama Seva amemaliza nusu. Nusu nyingine ni kwamba Nmap haikuhitaji kubanwa namna hiyo tangu mwanzo, inajipimia yenyewe.

Kila jibu linapoingia, inahesabu wastani wa muda wa kwenda na kurudi, na inahesabu pia muda huo unayumba kiasi gani. Wastani mpya ni wa zamani ukiongezewa sehemu moja ya nane ya tofauti. Myumbo unasahihishwa kwa robo. Muda wa kusubiri ni wastani kujumlisha myumbo mara nne. Ni hesabu ya Van Jacobson ya mwaka 1988, ile ile ambayo TCP inaitumia kuamua lini irudie pakiti.

Chukua Pweto. Wastani 640ms, myumbo 40ms, kwa hiyo inasubiri 800ms. Jibu moja likachelewa hadi 1000ms. Tofauti ni 360. Wastani unakuwa 685, myumbo unaruka hadi 120, muda wa kusubiri unakuwa 1165ms. Ona vile pakiti moja iliyochelewa imeufanya mtambo uwe mwangalifu papo hapo. Lakini ukiweka dari ya 300ms hesabu yote hiyo inagonga dari na kufa.

Washa `-d` (maelezo ya ndani) utaona mwenyewe. Mwanzoni inachapa mipaka, na kwa kila mashine mwishoni inaandika mstari kama huu, kwa mikrosekunde:

`Final times for host: srtt: 685000 rttvar: 120000  to: 1165000`

Hiyo `to` ya mwisho ndiyo muda ambao Nmap imejifunza. Mimi nikipewa mtandao nisioujua, kitu cha kwanza ni kupiga skani ya poti tatu nne na `-d`, nisome mistari hiyo, ndipo niandike amri ya kweli.

Mwongozo wa Nmap wenyewe unapendekeza njia nyepesi zaidi: piga ping pakiti kama kumi, chukua muda mkubwa kuliko yote, uzidishe mara mbili kwa `--initial-rtt-timeout`, mara tatu au nne kwa `--max-rtt-timeout`. Chukua mkubwa, usichukue wastani! Wastani unaficha zile zinazochelewa, na zinazochelewa ndizo unazopoteza.

---

katuba_net

Papa, sasa si aweke tu muda mrefu kwa kila kitu? `--max-rtt-timeout 5s` kwa mitandao yote mitatu, amri moja, alale.

Na swali langu la masscan hamjajibu.

---

Mama_Seva

Masscan kwanza. Inasubiri pia, ila inasubiri mara moja tu, mwishoni: ikimaliza kutuma inakaa sekunde 10 kuokota majibu yaliyobaki, basi. Katikati haijipimi, haipunguzi mwendo laini ikijaa, na bila kuiagiza hairudii pakiti iliyopotea. Ni chombo kizuri sana kwa kazi yake, kuzoa anwani nyingi kwa mbali. Kwa matawi matatu na laini moja dhaifu sioni inamsaidia nini, maana pakiti iliyoanguka kwenye VSAT imeanguka.

Hilo la amri moja ndilo ninaloona ni ugonjwa wenyewe. Nmap haichukui mashine moja moja, inazichukua kwa kundi. Inaweza kuanza na kundi la tano hivi na kupanda hadi 1024, na matokeo ya kundi hayatoki mpaka kundi zima limalizike. Ukitupa anwani za Kampemba na za Pweto kwenye kapu moja, zile za hapa zilizomaliza mapema zinakaa kungoja za setilaiti. Tena ina breki kama ya TCP, na breki hiyo iko kwa kila mashine na kwa kundi lote pia: pakiti zikianguka Pweto, kundi zima linapunguza mwendo. Ndiyo maana waya_mrefu aliposhuka kutoka T5 ilimkokota usiku kucha. Wala si T3 (kasi ya kawaida usipotaja T) iliyomchelewesha, ni kuchanganya.

Amri tatu, laini tatu. Hapa mjini `-T4` bila wasiwasi. Likasi na Kolwezi `-T4` pia kama faiba iko sawa, dari yake ni 1250ms, inatosha na kubaki. Pweto ndiyo ya kuandikiwa kwa mkono.

---

bomba_la_kolwezi

Naongeza kitu ambacho kimenisumbua upande wetu. Mtu akiona skani polepole anakimbilia `--min-rate`, yaani kulazimisha kiwango cha chini cha pakiti kwa sekunde. Jihadharini na ruta iliyo katikati.

Kila SYN (pakiti ya kuomba muunganisho) inayopita kwenye NAT (ruta inayobadilisha anwani) au fayawoli inaandikwa kwenye jedwali la miunganisho. Kwenye Linux, SYN isiyojibiwa inakaa humo sekunde 120. Sasa tuma pakiti 300 kwa sekunde kwenda kwenye anwani ambazo nyingi hazina mtu: zinarundikana hadi 36,000. Kisanduku kidogo chenye nafasi 16,384 kinajaa kabla dakika moja haijaisha, na tangu hapo ofisi nzima haifungui ukurasa wowote. Watapiga simu kusema intaneti imekatika, utaenda kuangalia laini, utaikuta nzima. MikroTik wamepanga sekunde 5 tu kwa SYN isiyojibiwa, hapo unapumua zaidi.

Kabla ya skani angalia:

`cat /proc/sys/net/netfilter/nf_conntrack_max`
`cat /proc/sys/net/netfilter/nf_conntrack_count`

Na badala ya `--min-rate` tumia `--max-rate`. Kwa VSAT 40 kwa sekunde ni nyingi ya kutosha. SYN ya Nmap ni baiti 44 tu, kwa hiyo 40 kwa sekunde ni kama kilobiti 14, hata modemu haistuki.

---

luapula_link (Pweto)

Mimi niko huku huku Pweto, si ofisi ya waya_mrefu lakini antena zetu zinatazama anga moja 😄

Mnaongea hesabu nzuri ila mmesahau saa. Mchana wa kazi laini imejaa, watu wanapandisha picha na ripoti, ping inacheza kutoka 600 hadi juu ya 1000. Usiku laini ni tupu kabisa, ping inatulia. Mtasema basi skani usiku. Usiku tunaishi na sola na betri, kompyuta zote zimezimwa ili modemu na friji ya dawa vipate umeme. Utaskani ukuta.

Wakati mzuri ni saa sita na nusu mpaka saa nane mchana. Watu wako kwenye bukari na samaki, mashine ziko wazi, laini imepumua. Jumamosi asubuhi pia.

---

waya_mrefu

Aksanti sana wote. Nimepiga ping za Pweto mchana wa leo, saa hiyo ya bukari: ndogo 611ms, kubwa 1080ms. Kwa kanuni ya Papa nimepata hivi:

`nmap -sS -n -PE -PS22,445,3389 --initial-rtt-timeout 2200ms --max-rtt-timeout 4s --max-retries 4 --max-rate 40 --max-hostgroup 16 --stats-every 1m -oA pweto 10.40.0.0/24`

Maswali mawili. `-n` niliiona kwa mtu, inasaidia kweli? Na mwongozo nimeusoma, mwandishi anasema yeye havuki 1000ms kwa max-rtt. Mimi nimeweka 4s. Nitaharibu?

---

Papa_Pakiti

Huharibu. Huo ushauri ni wa mtu mwenye laini ya ardhini, na hapo ni ushauri mzuri. Setilaiti ina fizikia yake, huwezi kuipigia kura. Halafu kumbuka 4s ni dari, si muda ambao itasubiri kila mara. Majibu yakianza kuingia, ile hesabu ya juu inashusha muda yenyewe hadi sekunde moja na kitu.

`-n` inaizuia isiulize DNS jina la kila mashine. Kama seva yako ya majina iko hapa mjini tofauti ni ndogo, kama maswali yanavuka setilaiti ni kubwa. Iache humo.

`--max-hostgroup 16` umefanya vizuri, na sababu yake hukuisema: umeme. Ukikatika katikati unaandika `nmap --resume pweto.nmap` na inaendelea kutoka pale faili lilipoishia. Lakini inaanzia baada ya mashine ya mwisho iliyoandikwa, na kundi ambalo halijamalizika halijaandikwa. Kundi dogo, hasara ndogo. Na hiyo `-oA` inakupa pia XML, utaweza kutafuta ile `timedout`.

---

mgeni_2

Samahani kuingilia. Hii amri ya waya_mrefu naweza kuitumia kuangalia mtandao wa saiba ya jirani? Nataka kujua tu kama wana kamera.

---

Msimamizi

Hapana. Hapa tunajadili mitandao ambayo mtu amepewa ruhusa. Nchi yetu ina Code du numérique tangu Machi 2023 na kuingia kwenye mifumo ya watu bila idhini kuna adhabu. Ukitaka kujifunza, jenga maabara ya mashine mbili nyumbani, au tumia scanme.nmap.org, ambayo wenye Nmap wameiweka kwa ajili hiyo, bila kuipiga mfululizo. Tuendelee na mada.

---

waya_mrefu

Ripoti, wandugu. Nimeendesha amri tatu mbali mbali. Mjini na `-T4` ilikwisha kabla sijarudi na chai. Likasi na Kolwezi sawa. Pweto imemaliza ndani ya ile saa ya chakula, na seva ya faili iko pale na 445 yake. Nimerudia Jumamosi, jibu ni lile lile. Poti za `filtered` bado zipo chache, lakini sasa ni zile zile kila mara, na nikiangalia kanuni za fayawoli ndizo zilizofungwa kweli.

`-d` inanionyesha `to` ikizunguka 1100000 hadi 1300000. Kwa hiyo hata dari ya T4 ingeniacha pabaya siku laini ikijaa.

Kilichobaki ni UDP, itifaki isiyofungua muunganisho kama TCP. Mkubwa anataka kujua vifaa gani vinajibu SNMP, itifaki ya kusimamia vifaa vya mtandao. Nimeanza `-sU` kwa poti zote kwenye mashine moja ya Linux hapa hapa mjini, kwenye swichi moja na mimi, na inasema itachukua masaa zaidi ya kumi na nane. Laini hapa ni ya milisekunde moja! Timeouti gani tena nipunguze?

---

Papa_Pakiti

Hakuna. Hapo saa si yako, ni ya mashine unayoiuliza. Poti ya UDP iliyofungwa inajibu kwa ICMP (ujumbe wa hitilafu wa mtandao), na Linux inabana majibu hayo kuwa moja kwa sekunde. Poti 65,536, sekunde 65,536, hiyo ndiyo saa kumi na nane yako. Nmap inagundua kubanwa huko na kujipunguza yenyewe ili isirushe pakiti bure. Ukilazimisha mwendo kwa `--min-rate` utaambiwa `open|filtered` kila mahali, na hiyo si habari.

Uliza unachokitaka tu:

`nmap -sU -sV --version-intensity 0 -n -p 161 10.40.0.0/24`

Ukiwa na zile timeouti zako za Pweto juu yake. Hiyo `-sV` (kutambua huduma) ni muhimu, maana SNMP ikipata pakiti isiyoielewa inakaa kimya, na kimya kwa UDP ni `open|filtered`. Kwa `-sV` inatumiwa swali halisi la SNMP, na kifaa kinachokubali jina la `public`, lile neno la siri la kawaida la SNMP, kitajibu. Kikijibu, hiyo nayo ni taarifa kwa mkubwa wako: kabadilishe hilo jina.

---

katuba_net

Na printa? Niliwahi kusikia `-sV` inazifanya zitoe makaratasi.

---

Mama_Seva

Poti 9100 hadi 9107 Nmap inaziruka yenyewe kwenye `-sV` kwa sababu hiyo hiyo. Ukiweka `--allports` ndipo utatoa karatasi zenye herufi za ajabu. Usiweke.

---

luapula_link

waya_mrefu, kama utapiga hiyo ya SNMP fanya Alhamisi. Ijumaa fundi wenu anabadilisha betri za modemu, ameniazima spana.